Mtani Wangu na Mteremko wa Kichuguu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Hayo nilikuwa nikiyasema kilabuni, gulioni, hata msibani, na sikuyasema kwa ulevi. Mtu aliyezaliwa kwenye mbuga za Shinyanga akaona mwaka wa ng'ombe kufa na mwaka wa watu kula mizizi, akaenda Mwadui kuchekecha kokoto za almasi, akatoka pale na akiba yake akanunua lori lililokwisha kufa mara mbili na kulifufua kwa mikono yake mwenyewe, mtu huyo ashangazwe na nini? Shuleni nilikaa miaka miwili. Kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwa maandishi ya kwenye magunia na makopo ya mafuta. Leo nina malori mawili, nyumba ya bati, na wenye vyeti huja kwangu kukopa.

Kazi ya barabara niliipata nilipokwisha kuhamia upande wa Geita. Ilikuwa barabara ya wenyeji, si ile kubwa ya serikali. Inatoka Nkome kwenye dagaa, inapita vijijini, inagusa soko la pamba, halafu inakwenda machimboni. Mahali pamoja inateremka kilima kirefu mpaka kwenye kijito, na mteremko huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Kiangazi vumbi lilifika magotini, masika yakachimbika makorongo ya kuzika ng'ombe. Baraza la mtemi likatafuta mtu wa kuutengeneza kwa mkataba. Walikuja watu watatu na barua zao za sifa. Mimi nilikuja na mdomo wangu. Niliwaambia wazee wa baraza, "Nitawapa mteremko ambao bibi harusi anaweza kuukalia na nguo nyeupe." Wakacheka, wakanipa.

Siri yangu ilikuwa udongo wa kichuguu. Kila mwanamke wa kwetu anaujua. Ukitaka sakafu isiyotoa vumbi, au uwanja wa kupuria mtama usiopoteza punje, unabomoa kichuguu, unaponda udongo wake, unaumwagia maji na kuupiga mpaka unakuwa kama jiwe. Nikajiuliza, ikiwa kwa nyumba unafaa, kwa barabara je? Sijasikia mhandisi aliyefikiri hivyo. Nilifikiri peke yangu, nimelala chali chini ya lori.

Nilibomoa vichuguu kumi na tisa. Mtambo wa kushindilia sikuwa nao, nikaita vikundi viwili vya ngoma ya kulima, wale vijana wanaokwenda shamba kwa shamba wakishindana kwa majembe na kutukanana kwa nyimbo. Nikachinja fahali, nikagawa mteremko nusu kwa nusu, nikasema watakaofanya nusu yao iwe laini zaidi ndio watakaokula mapaja. Siku nne miguu ile ilipiga ardhi. Kundi la juu liliimba kwamba wa chini wana nyayo za bata, na wa chini wakajibu kwamba wa juu walizaliwa wamekaa. Mwisho wa siku ya nne sikuweza kuamua nani mshindi, nikachinja fahali wa pili.

Ulipokauka, mteremko ulikuwa mwekundu, unang'aa, hauna hata ufa wa kuingiza kijiti. Akina mama waliokwenda sokoni waliusugua kwa nyayo zao na kusema, "Yii! Sakafu yangu mimi haifiki hapa." Mtemi mwenyewe alishuka garini akautembea kwa miguu. Nilitembea nyuma yake, na sitadanganya, kifua changu kilikuwa kimetangulia.

Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza. Ng'ombe waliukataa. Walifika juu ya kilima, wakanusa, wakasimamisha miguu ya mbele, na fimbo haikusaidia. Wachungaji wakawapitisha pembeni kwenye majani, na baada ya wiki chache palikuwa na njia ya ng'ombe iliyokwenda sambamba na barabara yangu mpaka chini. Watu waliponiuliza, nilisema ng'ombe ni washamba, hawajazoea mambo mazuri.

Sasa nije kwa mtani wangu. Alikuwa dereva Mzaramo, mtu wa pwani aliyeletwa huku na kazi akaoa na kukaa. Aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja, kubeba dagaa kutoka Nkome. Utani wetu sisi watu wa bara na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, na sheria zake kila mtu anazijua. Mtani atakutukana mbele ya mkweo, atakunyang'anya kofia sokoni, atakuja msibani kwako akuigize jinsi unavyolia, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anachokisema mtani kinaishia masikioni. Hakishuki moyoni.

Siku ya kwanza aliyopita kwenye mteremko alisimamisha lori mbele ya duka nilipokuwa nimekaa na watu.

"Msukuma!" akaita. "Umetengeneza barabara au umepaka mkate siagi?"

"Mla nazi, wewe mkate umeuonea wapi?"

"Nakuambia, mvua ikinyesha pale tutateremka kwa makalio."

"Makalio yako yamezoea mchanga wa pwani. Huku ni bara, kaza mikono uendeshe gari."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, akaondoka akipiga honi.

Mara ya pili alikuja asubuhi, kabla hata mvua hazijaanza. Alishuka, akanishika mkono wa shati.

"Mtani, leo sitanii. Kwa umande tu tairi zimecheza. Nimekanyaga breki, gari limenicheka."

"Hata hilo la 'sitanii' ni utani," nikamjibu, na kicheko cha siku ile kilizidi kile cha kwanza. Nakumbuka yeye hakucheka. Aliniachia shati, akalinyoosha kwa kiganja pale alipolikunja.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya rasharasha za kwanza. Alikuja mpaka nyumbani kwangu, akasimama mlangoni bila kuingia. "Tia mchanga pale," akasema. "Tia kokoto. Tia hata maganda ya karanga."

"Nitatia maganda ya nazi," nikasema, "siku utakayoyaleta."

Mvua yenyewe ilinyesha wiki iliyofuata. Lori lake lilikuwa na magunia ya dagaa na watu juu ya magunia. Waliokuwemo waliniambia wote neno moja, kwamba hakukimbiza. Alifika juu ya kilima akasimama kabisa, akawaambia abiria washuke watembee. Wengine wakashuka. Mzee mmoja mchuuzi wa dagaa akasema hawezi kulowana kwa ajili ya woga wa Mzaramo, akabaki juu. Dereva akateremka kwa gia ndogo, na kufika katikati lori likageuka mkia mbele, likaenda kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayeondoka mbele ya mtemi. Likaangukia ukingo wa kijito. Hakufa mtu. Yule mzee alivunjika mguu mahali pawili.

Askari walikuja wakamchukua dereva. Leseni yake ikabaki kwao, na watu wanaojua mambo ya boma wakasema ni miezi sita jela, na usukani hataushika tena. Sababu ilikuwa moja, na ndiyo inayonirudia mpaka leo. Barabara ilikuwa nzuri. Mtemi aliisifu, wanawake waliisifu, mimi niliisifu kuliko wote. Gari likianguka kwenye barabara mbovu, watu huuliza habari za barabara. Likianguka kwenye barabara nzuri, wanauliza dereva alikunywa nini. Sifa zangu mimi ndizo zilizomfunga pingu.

Mkewe alikuja kwangu. Kwa desturi naye ni mtani wangu, angeingia akiwatukana kuku wangu kwamba wamekonda kama mwenye nyumba. Siku ile aliingia, akainama, akasema, "Shikamoo, baba." Shikamoo ile iliniuma kuliko tusi.

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kuuliza neno moja. Mume wangu alikuambia, au hakukuambia?"

"Aliniambia. Lakini alikuwa akitania."

Akasema, "Kwa hiyo mtani akiona nyoka mgongoni mwako akuambie kwa lugha gani?"

Alijifunga khanga yake vizuri, akaenda zake.

Bwana shauri, yule ofisa Mzungu wa boma, alikuwa anakuja kusikiliza kesi kwenye nyumba ya baraza, nami niliitwa kueleza habari za barabara. Siku moja kabla, nilikwenda kwenye ghala la soko la pamba. Msimu ulikuwa umekwisha, ghala tupu, karani amekaa peke yake, na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia imetundikwa haina kazi. Nilipoiona ndipo nilipopata wazo. Nasema kweli yote: wazo langu lilikuwa la kujitetea. Nilitaka kuonyesha, kwa kitu kisichobishaniwa, kwamba mteremko wangu unashika.

Nikaazima mizani, karani akaja nayo kwa kuwa hakuniamini na mali ya soko. Tukachukua tairi kuukuu, tukafunga jiwe katikati, vyote pamoja ratili sitini. Tukaingiza ndoano ya mizani kwenye kamba ya tairi na kulivuta chini, polepole, huku karani akisoma mshale. Kwenye njia ya kawaida nje ya ghala, tairi lilikataa kwenda mpaka mshale ulipofika arobaini na mbili. Kwenye mteremko wangu ukiwa mkavu, thelathini na nane. Nikapiga kofi. "Umeona?"

"Kesi si ya siku kavu," akasema karani.

Tukachota debe la maji kijitoni, tukamwaga, tukavuta. Tairi lilinifuata kama mbwa. Karani akasoma: kumi na moja. Nikasema umesoma vibaya. Tukavuta tena, kumi na moja. Nikasema mizani imeharibika. Akaitundika kwenye tawi, akapima tairi na jiwe lake, ikasema sitini zile zile. Nikainama, nikapitisha kiganja juu ya udongo uliolowa. Ulikuwa kama mlenda.

Karani alikuwa akifuta ndoano kwa kitambaa. "Mzee," akasema, "mizani haina mtani. Lakini mimi nimekuja kutembea tu. Ukitaka, sikuona kitu."

Niseme nini juu ya njia ya kurudi nyumbani? Ilikuwa maili tatu. Nilijiambia kwamba mimi nina jina, mtani wangu ana leseni tu, na leseni ni karatasi. Nilijiambia ni mtu wa pwani, atarudi kwao. Halafu nikamwona jinsi alivyolinyoosha shati langu. Mtu anayetania hanyooshi shati.

Kesho yake baraza lilijaa. Hata wale vijana wa ngoma walikuja, wamekaa pande mbili kwa ushindani wao. Mtani wangu alisimama mbele na kanzu iliyokunjamana, hanitazami. Askari alieleza kwamba barabara ni bora, imekaguliwa, na mshtakiwa hakuwahi kumlalamikia mtu yeyote. Bwana shauri akaniita, mkalimani katikati yetu.

"Barabara hii ni yako?"

"Ni yangu, bwana. Udongo wa kichuguu. Hakuna nyingine kama hiyo."

"Mshtakiwa aliwahi kukueleza kwamba inateleza?"

Nikasikia benchi likilia nyuma yangu, mtu amesogea. "Ndiyo," nikasema. "Mara tatu."

Askari akageuka kunitazama. Mkalimani, mtu wa huku huku, akatabasamu. "Huyu ni mtani wake," akamweleza bwana shauri. "Maneno ya watani hayahesabiwi."

"Mara ya kwanza alitania," nikasema. "Mara ya pili hakutania, na mimi nilijua hatanii. Niliwachekesha watu. Ile ya tatu alikuja mlangoni kwangu na mvua kichwani."

Bwana shauri alikuna kidevu. Akasema yeye hawezi kuhukumu kwa utani wala kwa kutotania, anataka kujua jambo moja, barabara inateleza au haitelezi. Hapo nikamwomba ruhusa, nikamwita karani aingie na mizani.

Baraza zima lilihamia kwenye mteremko. Mimi mwenyewe ndiye niliyevuta, maana angevuta mwingine wangesema kuna hila. Karani alisoma kwa sauti ile ile ya kupimia pamba, na wakulima, ambao tangu wazaliwe hawajawahi kuuamini mshale wa mizani ya soko, walisogea wote kuutazama. Kavu: thelathini na nane. Maji yakamwagwa. Kumi na moja. Kijana mmoja wa kundi la juu akajaribu kushuka aone kwa karibu, miguu ikamtoka, akaenda kwa makalio mpaka chini, na wale wa kundi la chini wakampokea kijitoni kwa wimbo.

Mtani wangu alikuwa amesimama kwenye njia ya ng'ombe. Nilifikiri atasema, "Si nilisema kwa makalio?" Ilikuwa haki yake. Alitazama pembeni tu, akamwomba askari maji ya kunywa.

Leseni yake alirudishiwa siku hiyo hiyo. Mimi nikaambiwa nitoe udongo wangu, niweke kitu ambacho mizani yangu itakikubali, kwa fedha zangu, na kipande cha mwisho cha mkataba nisikidai. Matibabu ya yule mzee hakuna aliyenilazimisha. Niliyachukua mwenyewe, maana nilikuwa nimekwisha kuinama, na mtu aliyeinama aokote vyote.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilipata akili. Nilikosea tena. Nilijaza mteremko kokoto za mtoni, nzuri, nyeupe, mviringo kama mayai ya kanga, kwa sababu bado nilikuwa napenda kitu kinachopendeza macho. Mizani ikasema kumi na sita. Kokoto ziliviringika chini ya tairi kama zimeajiriwa kazi hiyo. Nikazizoa zote.

Dawa niliipata upande wa Rwamgasa, kwa wanawake waliokuwa wakivunja mawe ya dhahabu kwa nyundo. Kando yao palikuwa na rundo la vipande vilivyokwisha kutolewa mali, hakuna anayevitaka. Nikachukua kimoja, kikanikata kidole.

"Mayu," nikamwambia mama mmoja aliyekaa karibu, "haya mawe yenu yana meno."

"Yananila mikono miaka sita," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe umeliwa mara moja unapiga kelele."

Nikanunua rundo zima, na nikawalipa wanawake wale waongeze kuvunja. Tuliyachanganya na changarawe nyekundu, tukashindilia kwa miguu ya vijana wale wale, ambao safari hii walivaa makobazi ya tairi na kunitukana kwa nyimbo siku zote tano. Mteremko ukawa mbaya, wa madoadoa, unaokwaruza. Hakuna mwanamke aliyeusifu. Tukamwaga maji, tukavuta: thelathini na sita. Ng'ombe wakarudi barabarani bila kuitwa.

Nimekuwa mtu wa kufikiri juu ya jambo hili kuliko inavyofaa kwa mtu wa malori. Barabara haikai kama ulivyoiacha. Kila gurudumu linalopita linaondoa ncha kidogo, na hata mawe ya Rwamgasa, baada ya masika mawili, yanaanza kung'aa. Wapitaji wanasema sasa imekuwa nzuri. Mimi nikisikia hivyo naazima mizani. Kila mwaka kabla ya mvua navuta tairi lile pale, na likinifuata kirahisi, natia meno mapya. Nadhani hata mtu huwa hivyo. Miaka ile nilisifiwa kila nilipopita, na hakuna neno lililoweza kunishika.

Mtani wangu alikaa miezi mitatu akinisalimia kwa adabu, na ile adabu ilikuwa adhabu. Siku moja ya soko nikasikia honi nyuma yangu, na sauti: "Msukuma! Ondoa tumbo lako barabarani, nalo litateleza!" Nilimtukana nazi zote za pwani. Nilikwenda nyuma ya duka nikafuta macho, wakafikiri ni vumbi.

Tangu hapo hana dogo. Kila akipita kwenye mteremko huwaambia abiria kwamba umejengwa kwa shilingi elfu tano, kwamba niliuza lori, nikaweka rehani mke, nikabaki na kofia. Uongo mtupu, ila ni haki yake kusema. Lakini kwa kuwa sasa haya yanaandikwa, yaandikwe sawa. Ukijumlisha kile kipande cha mkataba nilichonyimwa, mguu wa yule mzee, kokoto za mtoni nilizozileta na kuzizoa, mawe, mishahara na nyama, mteremko ule ulinigharimu shilingi elfu moja mia moja themanini na tatu, na senti hamsini.